Barua ya wazi kwa wakubwa wa michezo wa Haut-Katanga: mfungulieni mlango anayekuja na miaka yake ya kweli

Lubumbashi

Kwa Mheshimiwa anayesimamia michezo katika serikali ya jimbo,
kwa viongozi wa ligi ya mpira na wa entente, chama cha mpira cha mji,
kwa marais wa klabu, kubwa na ndogo, na wakurugenzi wa akademia,

Waheshimiwa, baba zetu na mama zetu,

Nawasalimu kwa heshima. Mimi ni kocha wa timu ya mtaa katika komini ya Katuba. Nawaandikia juu ya vijana ambao hakuna mpango wowote wa michezo unaowataja: wale walioanza kuchelewa. Wana miaka 19, 20, 22. Wana mbio, wana mapafu, wana kichwa cha kuelewa mchezo, lakini hawakupita shule ya mpira walipokuwa wadogo, na leo wanataka kujaribu kuufanya mchezo uwe kazi yao.

Kijana wa namna hii akifika kwenye majaribio, kabla hajagusa mpira anaulizwa mwaka wa kuzaliwa. Akisema ukweli, anaambiwa amekwisha kuzeeka, arudi nyumbani. Haichukui muda kabla hajasikia, na mara nyingi ni mtu mzima anayemnong'oneza, kwamba iko njia nyingine: akate miaka, yaani aandikishwe kuwa mdogo kuliko alivyo. Vijana waaminifu, watoto waliolelewa vizuri, wananiuliza waziwazi: "Koch, nikate ngapi?" Wanauliza kama mtu anayeuliza bei ya viatu. Wameona kwamba wenzao waliokata mitatu wamepata leseni, na wenzao waliosema ukweli wanasukuma mikokoteni sokoni.

Ninachotaka kuwaambia ni hiki: kumfungia mlango kijana wa miaka 20 ndiko kunakozaa vyeti vya kuzaliwa vya uongo. Tumepiga kelele sana juu ya vyeti, tumewaadhibu watoto, lakini mlango tumeuacha ulivyo.

Tuanze na swali la kwa nini wanachelewa, kwa sababu nasikia wakubwa wengine wakisema kwamba aliye na kipaji huonekana tangu utotoni. Anaonekana na nani? Kijana mwenye miaka 20 leo alikuwa mtoto mdogo wakati watu wa Mitwaba, Manono na Pweto walipokuwa wanakimbia vijiji vyao. Wengi walifika huku bila kitu, wakakaa kwa shangazi, kwa mjomba, katika vyumba vya kupanga vya Annexe na Ruashi. Shule ya msingi ya serikali imekuwa bure tangu mwaka 2019 tu. Kabla ya hapo mtoto aliyekosa ada alitafuta pesa, na katika jimbo letu pesa ya haraka iko kwenye shaba na kobalti. Nimewafundisha vijana waliotumia miaka ambayo mwenzao alikuwa akademia wakibeba magunia ya mawe na kuyaosha kwenye maji ya mto. Walicheza mpira jioni, bila viatu, bila kocha, bila mtu wa kuandika majina yao. Wakipata nafasi ya kutoka huko na kurudi mjini, wana miaka 19. Hawakuchelewa kwa uvivu.

Nasema haya bila kudharau kazi ya akademia. Mji huu una haki ya kujivunia akademia ya Katumbi na kazi yote iliyofanyika kwa watoto. Ni sawa kabisa mtoto wa miaka 12 afundishwe mapema, kwa sababu kugusa mpira, kuupokea na kuutoa bila kuutazama ni mambo yanayoingia vizuri zaidi utotoni. Kocha anayekataa hilo anadanganya. Na wengi kati ya vijana ninaowatetea hawatafika. Nawaambia wenyewe, kila mwanzo wa msimu, mbele ya wazazi wao kama wapo. Lakini hata kati ya watoto wa akademia wengi hawafiki, na hakuna anayesema kwa sababu hiyo tufunge akademia.

Tena mchezo si ufundi wa mguu peke yake. Mbio ndefu zinakomaa polepole: Carlos Lopes wa Ureno alishinda marathoni ya Olimpiki mwaka 1984 akiwa na miaka 37, na Eliud Kipchoge wa Kenya alishinda ile ya Tokyo akiwa na miaka 36. Golikipa naye anakomaa kwa kusoma mchezo. Hapa nyumbani hatuhitaji mfano wa mbali. Golikipa Robert Kidiaba aliingia klabu yetu ya Mazembe mwaka 2002, alipokuwa na miaka 26. Desemba 2010 kule Abu Dhabi, Mazembe ilipowapiga Pachuca na Internacional na kuingia fainali ya dunia ya klabu dhidi ya Inter ya Italia, yeye alikuwa langoni na miaka 34. Yeye alikuwa amecheza tangu zamani, sisemi alianza kuchelewa. Ninasema kijana wa miaka 20 mwenye mikono mizuri ana miaka kumi na zaidi ya kufanya kazi mbele yake, na sisi tunamwambia amezeeka.

Kuna walioanza kuchelewa kweli, na majina yao mnayajua. Marehemu Dikembe Mutombo, mtoto wa Kinshasa, alianza kikapu akiwa kijana mkubwa. Alikwenda Marekani mwaka 1987 akiwa na miaka 21, kwa ufadhili wa masomo, akitaka kuwa daktari. Kule chuoni Georgetown ndiko kocha alimchukua. Aliingia NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, mwaka 1991 na miaka 25, akacheza misimu 18, akapata mara nne tuzo ya mlinzi bora wa mwaka. Mchezaji wa mpira Jamie Vardy wa Uingereza aliachwa na klabu yake akiwa na miaka 16, akafanya kazi kiwandani huku akicheza madaraja ya chini, akafika Leicester City mwaka 2012 na miaka 25. Mwaka 2016 alikuwa bingwa wa ligi.

Anayenigusa zaidi ni Francis Ngannou wa Kamerun, kwa sababu maisha yake yanafanana na ya vijana wa hapa. Alikuwa mtoto wa machimbo ya mchanga huko Batié. Alianza ngumi akiwa na miaka 22. Nyumbani hakupata njia, akavuka jangwa, akavuka bahari, akafungwa Uhispania, akafika Paris mwaka 2013 hana mahali pa kulala. Huko kocha mmoja akamwona, akamfundisha mchezo ambao hakuwahi kuujua. Machi 2021 akawa bingwa wa dunia wa uzito wa juu wa UFC, mashindano ya mapigano ya ngumi, mateke na mieleka. Watu wanapenda kuwasimulia vijana habari hii ili kuwatia moyo. Mimi inanitisha. Kwa nini mtoto wa Afrika avuke jangwa ili apate mtu wa kumtazama akifanya mazoezi? Na wale waliovuka kama yeye na hawakufika, nani anawahesabu? Vijana wetu wanaijua barabara ya Kasumbalesa. Wanavuka kwenda Zambia, wengine wanaendelea mbali zaidi, kutafuta majaribio ambayo hatukuwapa hapa.

Nchi nyingine zimefanya jambo hili kwa mpango. Mwaka 2007 Uingereza ilitoa tangazo: inatafuta watu warefu, wa kati ya miaka 16 na 25, hata kama hawajawahi kushika kasia. Waliwapima na kuwafundisha. Helen Glover alitoka katika mpango huo. Alianza kupiga makasia akiwa amekwisha kupita miaka 20, na mwaka 2012 pamoja na Heather Stanning aliipa Uingereza dhahabu yake ya kwanza katika Olimpiki ya London. Wakarudia Rio mwaka 2016. Nchi yetu haijawahi kupata medali hata moja ya Olimpiki. Tuna vijana warefu, tuna vijana wenye nguvu zisizo za kawaida, na hakuna siku hata moja katika mwaka ambapo mtu mzima asiye na klabu anaweza kuja uwanjani, apimwe, na aambiwe: wewe, mwili wako ni wa ngumi, wewe, jaribu mbio, wewe, kaa langoni.

Sasa niseme juu ya karatasi, maana ndiko uovu ulikojificha. Sheria yetu inataka mtoto aandikishwe ndani ya siku 90 tangu kuzaliwa. Asipoandikishwa, mahakama inaweza kutoa hukumu inayoshika nafasi ya cheti. Ni sheria ya huruma, na bila hiyo maelfu ya watoto waliozaliwa vijijini au wakati wa vita wangebaki bila jina. Lakini mlango huo wa huruma ndio unaotumika kukata miaka. Kijana anakwenda na mashahidi wawili, anatoka na umri mpya. Kuanzia siku hiyo anaishi na umri wa aina mbili: wa nyumbani na wa uwanjani. Diploma yake ya shule inasema hivi, leseni yake inasema vile. Akitaka pasipoti, akitaka kuoa, akitaka kurudi masomoni, uongo huo unamfuata.

Na unakamatwa. Tangu mwaka 2009 FIFA inapima mifupa ya kifundo cha mkono kwa picha za sumaku katika Kombe la Dunia la walio chini ya miaka 17. Mwanzoni mwa mwaka 2023 Kamerun iliwapima vijana 30 wa timu yake ya umri huo, na 21 waliondolewa. Fikirini aibu ya watoto hao, na fikirini pia mtu ambaye hakuonekana popote siku ile: yule mzee aliyewashauri. Anayelipa ni kijana siku zote.

Kuna mwingine anayelipa, na huyo hatumzungumzii kabisa. Ni mtoto wa miaka 15 wa kweli. Anakuja kwenye majaribio ya watoto, anagongana na mtu wa miaka 19 mwenye cheti cha 15, anaanguka, anaonekana dhaifu, anarudishwa. Miaka minne baadaye amekua, amekuwa na nguvu, anarudi, anaambiwa amechelewa. Ndivyo tunavyotengeneza wanaochelewa kwa mikono yetu wenyewe.

Marais wa klabu, najua mtasema: mchezaji wa miaka 20 hana faida, hauziki. Naomba tuangalie kanuni za FIFA kwa makini. Mchezaji akiuzwa kwa klabu ya nchi nyingine kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya bei inagawiwa kwa klabu zote zilizomlea tangu msimu wa miaka 12 hadi wa miaka 23. Ndiyo, hadi 23. Na mgawo hauko sawa: kila msimu wa miaka 12 hadi 15 unapata asilimia 0.25 ya bei, na kila msimu wa miaka 16 hadi 23 unapata asilimia 0.5. Chukueni mchezaji aliyeuzwa kwa dola 1,000,000. Klabu iliyokuwa naye misimu minne ya utotoni, kutoka 12 hadi 15, inapata dola 10,000. Klabu iliyokuwa naye kutoka 20 hadi 23 inapata dola 20,000. Kanuni yenyewe inakubali kwamba mchezaji bado analelewa akiwa na miaka 20, na inalipa miaka hiyo mara mbili. Lakini ili klabu ya mtaa ipate chochote, lazima mchezaji awe ameandikishwa kwa jina lake na umri wake wa kweli katika kila msimu. Tangu mwishoni mwa mwaka 2022 malipo hayo yanapitia ofisi maalumu ya FIFA inayofuata historia ya mchezaji hatua kwa hatua. Mchezaji mwenye historia ya uongo ni hasara kwa wote waliomlea.

Kwa wasichana jambo hili ni zito kuliko kwa wavulana. Mvulana wa komini zetu za Kenya au Kampemba angalau amepiga mpira wa matambara barabarani tangu utoto. Msichana alikuwa anachota maji na kubeba mdogo wake mgongoni. Nani alimpa mpira akiwa na miaka minane? Wengi wanaanza wakiwa na 16, 17, wengine baada ya kuzaa mtoto wa kwanza. Novemba 2024 wasichana wa Mazembe walichukua Ligi ya Mabingwa ya Afrika kule Morocco, wakiwapiga AS FAR, klabu ya huko, 1-0, na mji mzima ulifurahi. Ikiwa tunataka timu kama hiyo nyingine, na nyingine tena, basi kwa wasichana kikomo cha umri wa kuanza kisiwepo kabisa. Hapo sitaki hata mjadala.

Kuna hatari mbili ninazoziogopa ninapoomba mlango ufunguliwe. Ya kwanza ni afya. Kijana aliyepumua vumbi la mgodi kwa miaka hawezi kuingizwa moja kwa moja katika mazoezi ya watu wa kulipwa. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Leuven walionyesha kwamba watu wanaokaa karibu na migodi na viwanda vya Katanga wana kobalti nyingi sana katika mkojo. Na sote tunakumbuka Marc-Vivien Foé wa Kamerun aliyeanguka uwanjani Lyon mwaka 2003, akiwa na miaka 28 na mchezaji wa klabu kubwa, moyo una ugonjwa ambao hakuna aliyeujua. Kwa hiyo moyo na mapafu vipimwe kwanza. Hospitali ya Sendwe iko, kitivo cha tiba kiko, wanafunzi wa udaktari wanaotafuta mahali pa kujifunza wako.

Ya pili ni matapeli. Anayeanza kuchelewa ana haraka, na mwenye haraka hutoa pesa. Mtu anakuja na simu yenye picha za viwanja vya Ulaya, anasema yeye ni wakala, anadai dola za viza na za barua ya mwaliko. Familia inauza kiwanja. Baada ya hapo simu haipatikani. Tangu mwaka 2023 FIFA imerudisha mtihani na leseni kwa mawakala, na majina ya wenye leseni yanaweza kuangaliwa na mtu yeyote. Haigharimu kitu ofisi ya michezo kubandika orodha hiyo ukutani, kuisoma redioni kwa Kiswahili, na kumwambia mzazi: asiyekuwemo humu, usimpe hata franka moja.

Waheshimiwa, ninachoomba hakihitaji kujenga uwanja mpya. Naomba kila mwaka, wakati wa kiangazi kabla mvua haijaharibu viwanja vyetu vya udongo, ziwekwe siku za majaribio ya wazi kwa wenye miaka 18 hadi 25, wavulana na wasichana, bure, zitangazwe redioni na makanisani na katika ofisi za komini zote saba. Wawepo makocha wa mpira, wa ngumi, wa riadha na wa kikapu pamoja, wasikae kila mmoja kivyake. Mchujo uwe wa haki na jibu litolewe siku ileile, kwa maneno ya wazi, hata likiwa "hapana". Kijana akiambiwa "hapana" na mtu aliyemtazama saa mbili, anaweza kwenda kujifunza ufundi wa magari au kuchomelea na kuendelea na maisha. Anayeambiwa "umezeeka" bila kutazamwa hubaki na kidonda.

Naomba pia timu za madaraja ya chini ya mji ziruhusiwe kuandikisha kila msimu wachezaji wachache wapya wazima wasio na historia yoyote ya leseni, bila kusumbuliwa na bila ada ya ziada. Na mazoezi yao yawe jioni au alfajiri, kwa sababu watu hawa wanafanya kazi. Mwenye kuuza mkaa hawezi kuja saa nne asubuhi.

Jambo la mwisho ni gumu, nalisema nikijua litawakasirisha wengine. Wapeni waliokata miaka msimu mmoja wa kujirekebisha. Aje mwenyewe, na mzazi wake, aseme umri wa kweli, leseni yake iandikwe upya, asifungiwe. Hukumu yake ya mahakama isahihishwe kwa njia ya sheria, na ofisi ya jimbo imsaidie kwa hilo badala ya kumtisha. Msimu huo ukiisha, adhabu iwe kali, na imwangukie kwanza mtu mzima aliyetafuta mashahidi: kiongozi, kocha, hata kama ni rafiki yangu. Najua kuna mambo ambayo jimbo haliwezi kuyafuta, hasa kwa aliyekwisha kucheza mashindano ya kimataifa. Lakini wengi wa vijana hawa hawajavuka hata mpaka wa mji. Kwao bado tunaweza.

Msimu wa leseni unakaribia. Makocha wa mitaa ya Katuba, Kenya na Ruashi tuko tayari kuja kukaa nanyi siku yoyote mtakayotaja, tukiwa na daftari zetu, na majina ya vijana walioandika mwaka wao wa kweli. Tunaomba jibu la maandishi kabla ya dirisha la kuandikisha kufunguliwa, ili tujue tuwaambie nini.

Kwa heshima,

Kocha wa timu ya mtaa, komini ya Katuba